Kosa ni Lake, Kibao si Chako
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala haya yalimtazama mhariri, ambaye hulipwa kwa kusahihisha. Zamu hii ni ya yule asiyeitwa na mtu.

Mwaka 2008 Wamarekani wawili, Jeff Deck na Benjamin Herson, waliizunguka nchi yao wakisaka makosa ya uandishi kwenye mabango. Mfukoni walikuwa na kalamu za wino mzito na wino mweupe wa kufutia. Machi wakafika Grand Canyon, Arizona, wakaingia kwenye mnara wa Desert View. Ndani wakakuta kibao cheusi chenye maandishi ya manjano: ritifaa imekaa pasipo pake, na mkato umesahauliwa. Wakaifuta ritifaa, wakaiweka panapostahili, wakaongeza mkato, wakaenda zao.

Kumbe kibao hicho kiliandikwa kwa mkono na Mary Colter, msanifu wa mnara wenyewe, na kilikuwa kumbukumbu ya kihistoria. Ushahidi haukuwa mgumu kupatikana, maana wasahihishaji walikuwa wamejiandikia kila kitu katika shajara yao ya safari! Agosti mahakama iliwaweka chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, ikawapiga marufuku kuingia hifadhi za taifa kwa muda huo na kuwatoza dola 3,035 za kukikarabati kibao. Kisarufi walikuwa sahihi kabisa.

Wanaosahihisha Kiswahili wana tabu nyingine juu ya hiyo: kinachoonekana kosa huenda ni lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Lahaja nyingine hazikufa kwa uamuzi huo. Mtu wa Mombasa akiandika “ndia” kwa maana ya njia, hajakosea: ameandika Kimvita, lugha ya mashairi ya Muyaka. Anayemrukia kumsahihisha ndiye anayejiumbua.

Makosa ya kweli nayo yapo tele, hasa ya l na r. Chukua kadi ya harusi inayowaalika watu kwenye “kalamu” badala ya karamu. Rasimu ikiwa bado haijakwenda kwa mpiga chapa, apigiwe simu bwana harusi au katibu wa kamati, peke yake, naye atashukuru. Kulitangaza kosa hilo mbele ya wanakamati wote, wakiwamo wakwe, ni kumvua mtu nguo. Na kadi zikishasambazwa, hakuna faida tena: wageni wameelewa, watakuja, watakula pilau.

Ila tarehe ni jambo jingine. Kadi ikisema Jumamosi na tarehe iliyotajwa ni ya Jumapili, mwenye shughuli aambiwe hata kama ni usiku wa manane, na anayemwambia aanze kwa kuuliza: “Samahani kaka, shughuli ni Jumamosi au Jumapili?” Swali hilo humpa mwenye kadi nafasi ya kuligundua kosa mwenyewe.

Wiki ijayo: mwalimu na wino mwekundu.