Taa zote zinawaka mara moja? Anza na batri ndogo

Wandugu, tuseme Prius imelala inje siku kadhaa huku Kasha. Asubuhi unafinya kitufe: taa za hatari zinawaka karibu zote, READY haitokei. Mtu anakuambia: "Batri kubwa imekufa, tafuta dola." Ngoja kwanza!

Gari ya haibridi iko na batri mbili. Ile kubwa, kwa Prius ya 2003 hadi 2009, ina volti 201.6; inasukuma gari na kuwasha injini. Ndogo ni ya volti 12, iko nyuma kwenye buti. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuunganisha batri kubwa. Ikichoka, kompyuta zinapata umeme nusunusu, zinatangaza makosa ambayo hayapo. Ndiyo maana unaona kama kila kitu kimeharibika.

Basi fuata hivi:

1. Pima ndogo gari ikiwa imezimwa. Volti 12.6 ni nzuri. Chini ya 12, imeisha nguvu.
2. READY ikiwaka, pima tena: karibu 14. Isipopanda, shida ni kile kinachoichaji.
3. Angalia waya wa masi na vichwa vya batri: kutu, kulegea. Barabara zetu za mashimo zinalegeza mengi.
4. Sasa ndiyo mekanisiye asome kodi kwa mashine.

Nyaya za rangi ya machungwa usiguse, hata gari ikizimwa. Zile zinaua.

Kupima ni dakika mbili. Usilipe batri kubwa juu ya kosa la ndogo.