Mwenye Hisa na Kodi: Nani Hulipa Nini?

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mwaka 1991, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM kilichofanyika Zanzibar, sharti hilo lililegezwa. Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara, kampuni ya TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa. Hisa za NMB ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2008, na za CRDB mwaka 2009. Leo mchinjaji wa machinjio ya Vingunguti, na mama lishe anayempikia, wote wanaweza kuwa wenye hisa. Basi ni wajibu wetu kufafanua jinsi kodi inavyowagusa, maana asiyejua kodi anayolipa hawezi kuihoji.

Hisa ni sehemu ya umilikaji wa kampuni. Kodi yake tuitazame katika hatua tatu.

Kwanza, kununua. Anayenunua katika Soko halipi ushuru wa stempu.

Pili, gawio. Kampuni iliyoorodheshwa hukata asilimia 5 ya gawio na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Isiyoorodheshwa hukata asilimia 10. Hii ndiyo kodi ya zuio. Kwa mkazi wa nchini ni kodi ya mwisho: gawio hilo halitozwi tena.

Tatu, kuuza. Mkazi akiuza kwa faida hisa zilizoorodheshwa, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamsamehe kodi ya faida hiyo. Akiuza hisa za kampuni ya binafsi, hulipa asilimia 10 ya faida.

Wapo ndugu wanaouliza: kwa nini mshahara utozwe hadi asilimia 30, na gawio asilimia 5 tu? Je, jasho linatozwa kuliko mali? Tusijibu kwa pupa, tufanye hesabu. Kampuni ikipata faida ya shilingi 100, kwanza hulipa kodi ya kampuni, kwa kawaida shilingi 30. Zikigawiwa zote 70 zilizobaki, kodi ya zuio ni shilingi 3 na senti 50. Mwenye hisa hupokea shilingi 66 na senti 50. Mzigo halisi, basi, ni asilimia 33.5.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mapato katika mshahara huo. Lakini akiwa na hisa kumi, gawio lake hukatwa kwa kiwango kile kile cha tajiri mwenye hisa milioni moja. Na kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwisho, harudishiwi kitu. Kodi ya mshahara humtambua mnyonge. Kodi ya gawio haimtambui. Na msamaha wa faida ya mauzo humnufaisha zaidi mwenye hisa nyingi.

Hatusemi kwamba mnyonge asinunue hisa. Tunasema anunue akijua. Atunze hati za ununuzi, asome karatasi ya gawio, aone kilichokatwa. Ahudhurie mkutano wa mwaka wa wenye hisa, kwani hata mwenye hisa moja ana haki ya kuuliza. Na suala la viwango lijadiliwe katika matawi, kwa sababu sheria ya kodi hutungwa na Bunge, na Bunge ni la wananchi.