Jiwe na Neno: Sanamu ya Shakespeare na Tafsiri za Kiswahili

Katika bustani ya Leicester Square, kitovu cha eneo la majumba ya maonyesho jijini London, imesimama sanamu ya marumaru ya William Shakespeare. Ilichongwa na Giovanni Fontana na kuzinduliwa mwaka 1874. Mpita njia aweza kudhani kwamba hapo ndipo mtunzi huyo alipofanyia kazi. Sivyo. Alipofariki mwaka 1616, mahali hapo palikuwa uwanda mtupu. Tamthilia zake zilichezwa kwingineko, hasa katika ukumbi wa Globe, ng'ambo ya mto Thames.

Aidha, umbo lenyewe ni nakala. Fontana aliiga sanamu iliyochongwa na Peter Scheemakers mwanzoni mwa miaka ya 1740 kwa ajili ya kanisa la Westminster Abbey. Aliyegharimia bustani ni Albert Grant, mbunge na mfanyabiashara wa fedha, na jina lake limechongwa kwenye kitako cha sanamu. Hivyo jiwe moja lamtukuza mtunzi na mfadhili kwa pamoja. Biashara za Grant zilianguka baadaye. Maandishi yamebaki kama yalivyokuwa.

Hapa ndipo linapozuka suala la msingi. Tamthilia hutungwa ili isemwe na watu. Je, mtunzi wake aenziwe kwa kitu kisichosema?

Fasihi ya Kiswahili ina jibu lake. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri aliyoiita Julius Caezar. Hakuridhika nayo, mwaka 1969 aliitoa upya baada ya kuisahihisha, na safari hii jina likafuata matamshi ya Kiswahili: Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza la tamthilia hiyo humtaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere alitumia wingi, tena akachagua neno lenye hukumu ndani yake, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Naye S. S. Mushi alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969).

Yamkini wapo watakaosema kwamba mabepari si tafsiri sahihi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mjadala wenyewe ni ushahidi kwamba kazi ya mtunzi ingali hai, kwani hubishaniwa, husahihishwa na husemwa upya. Sanamu huhifadhi jina la mtunzi. Tafsiri humrudishia sauti.