Treni ya kuchezea: piga hesabu ya betri kwanza
Reli ya Tanga inayopita Same ilifika Moshi mwaka 1911, na watoto wa mjini hapa huifahamu treni. Mzazi anayetaka kumjengea mwanawe treni ya matofali ya plastiki asitazame bei ya boksi tu. Ni kama pampu ya kumwagilia: unainunua mara moja, mafuta kila siku.

Treni za LEGO zilizotoka mwaka 2018 hutumia betri sita ndogo za volti 1.5, jumla volti 9. Za kuchaji zina volti 1.2, jumla 7.2, hivyo mwendo hupungua.

Hata hivyo, gawanya bei ya betri za kuchaji pamoja na chaja kwa bei ya betri sita za kawaida. Jibu likiwa tano, kuanzia seti ya sita unaokoa fedha, ukitoa umeme kidogo wa kuchaji.