Majani Mabichi Juu ya Udongo wa Mfinyanzi

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Hayo ni maneno ya mfinyanzi, naye asema kweli, maana udongo ukisha kukauka haufinyangiki tena. Lakini leo nataka kuzungumza nanyi habari za mtu mwingine aushikaye udongo ule ule, yaani mtu atakaye kuotesha majani mazuri mbele ya nyumba yake au katika uwanja wa shule. Mtu huyo akiifuata mithali hii ataharibikiwa, kwa kuwa udongo ukanyagwao ungali maji huwa kama chungu, na juu ya chungu majani hayaoti.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Shule niliyofundisha zamani ilikuwa juu ya kilima, katika nchi ya udongo mwekundu ulio mzito. Wakati wa masika uwanja wetu ulikuwa matope, na wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu. Kila mwanzo wa mvua tulinunua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi tukaimwaga. Majani yalistawi muda wa mwezi mmoja, kisha yakageuka manjano, na vipara vikazidi mwaka hata mwaka. Siku moja akaja mama mmoja mwenye shamba la mahindi chini ya kilima. Akaniambia, "Mwalimu, maji ya uwanja wenu yamechukua mahindi yangu." Nikamjibu kwamba mvua ni ya Mungu. Naye akasema, "Mvua ni ya Mungu, lakini uwanja ni wenu." Sikuwa na jibu.

Basi, na tuuangalie kwanza udongo wenyewe. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno. Upana wake haufiki sehemu 2 katika elfu za milimita. Chembe ya mchanga waweza kuiona kwa macho na kuisikia kwa vidole, bali ya mfinyanzi huioni. Ukitaka kujua udongo wako ni wa namna gani, chukua chupa pana yenye kifuniko, tia udongo hata theluthi yake, ujaze maji, utie na sabuni kidogo, kisha uitikise sana na kuiweka mahali patulivu. Mchanga hutua kwa muda wa dakika moja au mbili. Baada ya saa chache hutua vumbi laini. Mfinyanzi huendelea kuyachafua maji siku nzima na zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba udongo huu hauna chakula cha mimea. Huo si ukweli wote. Chembe zake ndogo hushika maji na chakula kuliko mchanga unavyoweza. Ni kweli kwamba udongo mwekundu wa nchi za mvua nyingi mara nyingi huwa na tindikali, na tena huishika fosfati kwa nguvu hata mizizi isiipate kwa urahisi. Lakini taabu iliyo kubwa zaidi ni ukosefu wa nafasi. Ukikanyagwa ukiwa umelowa, chembe zake hulaliana na kuziba vitundu vyote. Hewa haiingii, maji hayashuki, na mizizi hukaa juu juu. Kwa hiyo jua la siku chache laitosha kuiua. Udongo mweusi wa mbugani nao huwa hivyo, tena huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka.

Mtu akisikia hayo husema, "Basi nitatia mchanga." Asifanye hivyo. Mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi huwa mgumu kama tofali, na ili ufae ingempasa kutia mchanga mwingi kuliko udongo wenyewe. Kitu cha kufungua udongo huu ni mboji, yaani vitu vilivyokuwa hai vikaoza. Mboji ikiingia, vijidudu huila, na utomvu wao hugandisha chembe ndogo ndogo kuwa madonge madogo kama makombo ya mkate. Katikati ya makombo hayo hewa na maji hupata njia.

Mfanya kazi mwingine ni nyungunyungu. Mwaka 1881 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu na kazi yao. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za nchi ile, zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwao kila mwaka katika kila eka. Hakuna shule yenye watoto wawezao kulima namna hiyo kwa mikono!

Sasa, kuna ubaya gani katika mbolea ya chumvichumvi? Si sumu, nayo imewasaidia wakulima wengi. Walakini hulisha majani tu, wala haiwalishi wafanya kazi wa chini. Huko Rothamsted, katika Uingereza, mwaka 1856 wataalamu walianza kujaribu mbolea mbalimbali katika uwanja wa majani, na jaribio hilo limeendelea hata leo. Vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka kwa mwaka pasipo chokaa viliingia tindikali nyingi. Nyungunyungu wakatoweka, na majani yaliyokufa, kwa kukosa wa kuyaozesha, yakajilimbikiza juu kama mkeka. Vipande vilivyotiwa chokaa havikuharibika hivyo. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka uwanja wangu, maana nami nilikuwa nimewafukuza watumishi wangu mwenyewe.

Basi nitawaeleza kazi tuliyoifanya, hatua kwa hatua.

Kwanza, tuliacha kuukanyaga uwanja uliolowa. Tulitengeneza njia ya mawe kwa waendao darasani, na siku ya mvua kubwa hapakuwa na mpira. Wavulana walinung'unika, lakini pasipo amri hii kazi nyingine zote ni bure.

Pili, tulitengeneza mboji. Chagua mahali penye kivuli. Weka tabaka la mabua na majani makavu, kimo cha shubiri moja. Juu yake tia majani mabichi, kisha samadi kidogo na udongo kidogo, ukirudia hivyo hata lundo lifike kimo cha mita moja na nusu. Lilowe kama kitambaa kilichokamuliwa, lisiwe la kuchuruzika maji. Chomeka kijiti katikati. Baada ya siku chache ukikichomoa utakiona kina moto. Moto huo waua mbegu nyingi za magugu. Baada ya majuma matatu ligeuze, kisha ligeuze tena. Baada ya miezi mitatu au minne mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Usimwage samadi mbichi juu ya majani, maana huyaunguza, tena huleta mbegu za magugu.

Tatu, tulitoboa uwanja. Chukua uma wa shamba wenye meno manne, uchome hata kina cha sentimita 10, uutikise kidogo, uuchomoe, kisha urudie baada ya kila sentimita 10. Wakati wake ni udongo ukiwa na unyevu tu. Finya donge mkononi: likishika vidole kwa matope, ngoja; likivunjika kwa kubonyezwa, anza.

Nne, mara baada ya kutoboa, mwaga mboji iliyochekechwa, unene wa nusu sentimita, uifagie iingie katika matundu. Ncha za majani lazima zionekane, ukiyafunika utayaua. Hesabu yake ni hii: uwanja wa mita 10 kwa mita 10 wahitaji lita 500 za mboji, yaani madebe 28 hivi ya lita 18. Fanya hivyo mwanzo wa masika, na tena mwanzo wa vuli ukiwa na mboji ya kutosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, katika vipara panda vipande vya ukoka, kila kipande mbali na mwenzake shubiri moja. Ukoka hutambaa upesi na kuishika ardhi, lakini hupenda jua. Usiutumainie chini ya mwembe.

Sita, usikate majani mpaka chini. Fyeka sehemu ya tatu tu ya urefu wake, uyaache marefu wakati wa kiangazi, maana majani mafupi huwa na mizizi mifupi. Majani yaliyofyekwa yaache pale pale yaoze. Hayo hurudisha hata robo ya naitrojeni ihitajiwayo, nayo hayana gharama. Tulipokuwa tukiyachoma moto, tulikuwa tukiichoma mbolea yetu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hushindwa nalo. Mwaka wa kwanza uwanja wetu ulionekana mbaya kuliko zamani. Majani yaliyozoea chumvichumvi yalififia, na magugu yakaotea katika vipara. Wazazi walisema kwamba mwalimu amekuwa mvivu. Nami nilikaribia kununua mfuko tena. Lakini vijidudu na nyungunyungu hawarudi kwa siku moja, na mboji hutoa chakula chake polepole. Magugu tuliyang'oa kwa mikono baada ya mvua, kila darasa na sehemu yake, kabla hayajatoa mbegu. Kama udongo una tindikali sana, chokaa ya shamba yafaa, lakini umwulize bwana shamba kwanza, asije mtu akatia pasipo haja.

Ili tusidanganyike, tulikuwa na kipimo chetu. Chukua kopo lililo wazi juu na chini, ulisukume ardhini kina cha kidole, ulijaze maji, uangalie saa yayachukuayo kunywewa. Tulipoanza, maji yalikaa tangu kengele ya kwanza hata wakati wa mapumziko. Mwaka wa tatu yalikwisha kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. Mwaka ule ule tulichimbua bonge la udongo, tukawakuta nyungunyungu saba ndani yake, na watoto wakapiga makofi.

Uwanja wetu haukuwa kama zulia. Kiangazi kikizidi bado hugeuka rangi, na mahali pa golikipa hapaoti kitu hata leo. Lakini mvua ya masika ya mwaka wa tatu iliponyesha usiku kucha, nilishuka asubuhi kulitazama shamba la yule mama. Mahindi yalikuwa yamesimama. Naye alinitazama, akasema, "Mwalimu, leo maji yenu yamekaa kwenu."

Ndugu zangu, mwenye udongo wa mfinyanzi asiukatie tamaa. Aanze mwaka huu na kopo lake, lundo lake la mboji na uma wake, tena aandike tarehe, ili mwaka wa tatu apate kulinganisha.