Kuhama si Kabila

Wafugaji kutoka mabonde ya Pawaga na Idodi hufika mara kwa mara mjini Iringa kwa shughuli za soko. Mwanafunzi wa Kihesa awaonapo baadhi yao huwaita "Wamang'ati", akidhani ametaja kabila lao. Kumbe ametaja neno la Kimasai lenye maana ya "maadui". Wasukuma nao huwaita Wataturu. Wenyewe hujiita Wadatoga, na Wabarabaig ni tawi lao mojawapo.

Kosa hilo la jina huficha kosa kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba mtu ahamaye hana kwao wala historia. Waromani wa Ulaya walipatwa na jambo hilohilo. Jina walilopewa na Waingereza latokana na neno "Mmisri", kwa kuwa walidhaniwa wametoka Misri. Katika karne ya 18 wataalamu waliichunguza lugha yao wakaona kwamba asili yake ni Bara Hindi. Moja, mbili, tatu kwa Kiromani ni jekh, duj, trin, maneno yanayofanana na ya Kihindi. Lakini saba, nane na tisa, yaani efta, oxto, enja, ni ya Kigiriki, nayo ni kumbukumbu ya nchi walimopitia. Msomaji asistaajabu: Kiswahili nacho kina tano ya Kibantu, na sita, saba na tisa za Kiarabu.

Kidatoga nacho chaeleza safari ya wasemaji wake. Ni lugha ya Waniloti wa Kusini, jamaa ya Kinandi na Kipsigis za Kenya. Kimasai ni cha Waniloti wa Mashariki. Basi watu wawili waliovaa mashuka yanayofanana huenda wakawa wa matawi mbalimbali kabisa. Wadatoga hutambulishwa pia na koo zao na mazishi yao. Mzee mwenye heshima hufanyiwa bung'eda, sherehe ichukuayo miezi mingi, na juu ya kaburi lake hujengwa kilima cha udongo. Kwa hiyo hata mhamaji ana mahali pake.

Kuhama kwenyewe ni maarifa ya ufugaji. Mvua hunyesha huku, ikakosekana kule. Mifugo ikiondolewa kwa wakati, majani hupata nafasi ya kuota tena. Utaratibu huo ulivurugika wilayani Hanang katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la NAFCO lilipoanzisha mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada. Ekari zipatazo 100,000 za malisho zilichukuliwa, na makaburi kadhaa yakalimwa kwa trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwanyima haki hiyo, hoja mojawapo ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wazawa kwa mujibu wa sheria.

Baadhi ya Wabarabaig walielekea kusini, hata Usangu mkoani Mbeya. Huko nako, mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa pamoja na mifugo yao. Walilaumiwa kwa kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi, hali iliyoanza mwaka 1993, ingawa tafiti zilionyesha kwamba maji mengi ya kiangazi yalichukuliwa na mifereji ya mashamba. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Yafaa basi kutofautisha kuhama na kuhamishwa. Waromani wengi leo wana makazi ya kudumu, wala hawakuacha kuwa Waromani. Mbarabaig ajengaye nyumba ya matofali habadiliki kabila.

Walimu waweza kuanza na zoezi jepesi: wanafunzi wakusanye hesabu za moja hadi kumi kwa Kihehe, Kibena, Kisangu, Kimasai na Kidatoga, kisha wazilinganishe. Na kabla ya kuanza, wamwulize kila msemaji swali moja: "Ninyi wenyewe hujiitaje?"