Siku Tatu za William Hone

Wajukuu zangu wa hapa Bloomington, sogeeni niwasimulie kesi ya muuza vitabu maskini wa London, William Hone.

Mwaka 1817 maisha yalikuwa magumu Uingereza. Vita na Napoleon vimekwisha, askari wamerudi hawana kazi, mkate haushikiki kwa bei. Wakubwa nao wanakula mishahara minono kwa vyeo vya jina tu. Hone akatoa vijitabu vya kuwakejeli, akavitunga kwa mtindo wa ibada: katekisimu, litania, kanuni ya imani. Maneno ambayo Mkristo humwambia Mungu wake, humo anayasema mtu wa kujipendekeza, akiwaomba wakuu wa Hazina wamlishe. Watu wakanunua, wakacheka.

Sasa oneni ujanja wa serikali. Haikumshtaki kwa kuwakejeli mawaziri. Ilimshtaki kwa kukufuru, kwa sababu nani atathubutu kumtetea anayedaiwa kumtusi Mungu?

Hone hakuwa na pesa za wakili, akajitetea mwenyewe. Kesi tatu, siku tatu mfululizo, tarehe 18 hadi 20 Desemba, katika ukumbi wa Guildhall. Alirundika vitabu vikuukuu mezani, akavifungua kimoja kimoja. Huyu Martin Luther, naye aliiga maandiko ili kuwapiga wapinzani wake. Huyu George Canning, naye aliiga, na leo ni waziri! Mbona hawa hawakushtakiwa? Hoja yake ilikuwa kwamba hakuicheka sala, aliwacheka mawaziri.

Siku ya pili Jaji Mkuu, Lord Ellenborough, akaja mwenyewe, mgonjwa na amekasirika, akawaambia raia walioketi kuamua kesi kwamba maandishi yale ni kufuru. Hone naye alikuwa hoi, lakini alizungumza kwa saa nyingi. Uamuzi haukuwa wa jaji. Ulikuwa wa raia hao 12, ambao hapa mnasikia wakiitwa juri. Mara zote tatu wakasema: hana hatia.

Mimi ni mtu wa dini, na dini ikidhihakiwa naumia. Lakini kulitumia jina la Mungu kuwakinga mawaziri wasichekwe kunaidhalilisha dini kuliko kijitabu chochote.

Nanyi mkifika miaka 18, mkiwa raia, barua ya mahakama ya kaunti yetu ya Hennepin inaweza kuwafikia, mwitwe kukaa kwenye juri. Msiikwepe. Nendeni, msikilize kesi hadi mwisho, kisha mseme mnachokiamini hata kama jaji amekunja uso.